Kikaango Chenye Nyuzi

Imezoeleka, panapozungumzwa ala za muziki, mti kupewa uhai na madini kunyimwa. Udi husifiwa kwa mti wake, zeze kwa kibuyu chake. Ala ya bati ikitokea huitwa baridi, na hukumu hiyo aghalabu hutolewa kabla ya waya wa kwanza kuguswa. Washairi nao wamechangia dhuluma hii, maana katika beti zao mti ni neno tamu na bati ni neno la kejeli.

Aliyeonewa zaidi ni gitaa la umeme lenye shingo ya aluminiamu. Ajabu ni kwamba nasaba yake ndiyo kongwe. Gitaa la umeme la mwanzo kupata soko, alilolibuni George Beauchamp huko California mwaka 1931 na kuuzwa na Rickenbacker kuanzia 1932, lilikuwa aluminiamu tupu, shingo na kiwiliwili vikiwa vimemiminwa pamoja. Kwa uduara wake na mkono wake mrefu likabandikwa jina la kikaango. Lilikusudiwa muziki wa Hawaii, yaani wa watu wa visiwani, na kwa hivyo msomaji wa huku hana sababu ya kulicheka. Aibu yake ilikuwa moja, nayo ya kweli: likipata joto la taa za jukwaani, nyuzi zilitoka katika sauti zake. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha nyuzi. Shingo ikirefuka kuliko waya, waya hukazika na sauti hupanda.

Travis Bean, naye wa California, aliijua ila hiyo alipoanza kazi mwaka 1974. Shingo yake ilichongwa kwa kipande kimoja cha aluminiamu kilichopita ndani ya kiwiliwili cha mti hadi chini ya daraja, hata nyuzi zikawa zimekaa juu ya madini mwanzo hadi mwisho. Karakana ilifungwa 1979, baada ya magitaa yapatayo 3,600. Kramer wa New Jersey, kuanzia 1976, walitia vipande vya mti nyuma ya shingo ili mkono usihisi ubaridi, kisha miaka ya 1980 wakaiacha aluminiamu kabisa. Suluhu ya Kramer ni ya mfanyabiashara. Ya Bean ni ya mtu aliyeamini.

Na sauti? Sumaku ya gitaa la umeme hunasa mtikisiko wa waya, haiulizi habari za mti. Shingo ngumu huupokonya waya nguvu kidogo, basi noti hukaa, nayo hukaa ikiwa safi. Jerry Garcia aliitumia sifa hiyo kwa upole katikati ya miaka ya 1970; Steve Albini, aliyefariki 2024, aliitumia kwa ukali hata ikafanana na msumeno. Ala moja, tabia mbili. Anayesema madini hayana moyo na aeleze tofauti hiyo imetoka wapi.

Kharumwa, makao makuu ya Nyang'hwale mkoani Geita, katika ukanda wa dhahabu, madini hayahitaji wakili. Huko nyimbo za Kisukuma zinapopigwa kwa gitaa la umeme, wapo wa kusema kwamba asili imepotea. Ndivyo ambavyo ingesemwa juu ya Black Star ya Tanga walipolitia gitaa la umeme katika taarabu, na leo nani anauliza iwapo sauti ya Shakila ilipungukiwa kitu? Ilimba ya Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, iliimba kwa ndimi za chuma, na hakuna aliyeiita ngeni.

Hata hivyo shingo ya aluminiamu isisifiwe kupita kiasi. Katika dansi, gitaa la solo na la rithimu husukana kama ukili. Noti inayokaa mno humkanyaga mwenzake, na mpigaji hulazimika kuizima kwa kiganja. Tena ni zito begani. Na katika uwanja wa wazi wa Kharumwa, saa saba za mchana, lingepanda sauti kabla ya ubeti wa pili. Mwenye nalo angelitia sawa kila baada ya wimbo, au angengoja jua lizame.