Makala na Makaa: Umbo Moja, Asili Mbili

Katika mtaa wa Nguba, komini ya Ibanda mjini Bukavu, neno makala hufahamika jikoni kabla ya kufahamika darasani. Mama amtumaye mtoto kununua makala hangoji gazeti. Angoja makaa ya kupikia. Mtoto huyo afikapo shuleni hufunzwa kwamba makala ni maandishi yanayoeleza jambo fulani, na pengine huambiwa kwamba neno la nyumbani ni "makaa" lililoharibiwa. Hukumu hiyo yafaa kuhakikiwa, kwani historia ya lugha haiiungi mkono.

Kwanza, hapa pana maneno mawili, wala si neno moja lenye maana mbili. Makala ya gazetini yametokana na Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa kauli. Makala ya jikoni ni ya Kibantu: ma- ni kiambishi cha ngeli, na -kala ni shina lilelile la kaa la moto. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Kinyarwanda husema amakara. Kilingala nacho husema makala. Kwa istilahi za isimu, hii ni homonimia, si polisemia. Mgogoro wa waandishi kati ya "makala hii" na "makala haya" ni dalili ya jambo hilohilo: silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli. Makaa hayana mgogoro huo.

Pili, sauti l katika neno la Bukavu si nyongeza. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoidondosha kati ya irabu katika maneno mengi. Ushahidi wamo ndani ya Kiswahili sanifu chenyewe: kaa hutoa kalia na makalio, na zaa hutoa zaliwa. Kwa hiyo msemaji wa Bukavu asemapo kuikala, kuzala na kuvala, atamka sauti ambayo mwalimu wake pia huitamka kila atumiapo kauli ya kutendea.

Mdondoko huo ulikuwa na gharama zake. Pwani, kaa la moto, kaa wa baharini na kitenzi kaa yamekutana katika umbo moja. Bukavu, kuikala na makala yamebaki mbalimbali, lakini makala yamegongana na mgeni kutoka Kiarabu. Hakuna upande uliosalimika, wala upande wenye haki ya kuucheka mwingine.

Hata hivyo, watetezi wa Kiswahili cha Kivu nao huvuka mpaka wadaipo kwamba kimehifadhi Kiswahili cha kale. Misafara iliyokieneza Kiswahili Kongo ya Mashariki katika karne ya 19 ilitoka katika pwani iliyokwisha kuidondosha l. Ni karibu zaidi na ukweli kusema kwamba wenyeji, ambao lugha zao zina l au r mahali hapo, walilitambua neno la ndugu na kulitamka kwa sauti yao. Huko si kuharibu, wala si kuhifadhi. Ni jamaa wawili kukutana tena.

Je, kamusi zimesaidia? Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 zilikusudiwa kuusimamisha usanifu, na kazi hiyo zimeifanya vema. Lakini usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja haukuwa na sababu ya kuitazama Bukavu. Sacleux, katika mwaka uleule wa 1939, alikwisha kuonyesha kwamba kamusi yaweza kuzipa lahaja nafasi na bado ikawa na nidhamu.

Kinachotakiwa si kikubwa: vidahizo viwili, makala¹ na makala², kila kimoja na asili yake, cha pili kitiwe alama ya Kongo ya Mashariki na kuelekezwa kwenye kaa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na tangu mwaka 2022 nchi hiyo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtoto wa Nguba atahitaji kuandika makaa katika mtihani. Afunzwe hivyo, bila kuambiwa kwamba mama yake hajui Kiswahili.