Kivuli cha Gesi Kwenye Skrubu ya Magnesiamu

Mwaka 1906 daktari mpasuaji wa Ubelgiji, Albin Lambotte, aliunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesiamu, akalikaza kwa chuma. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limemomonyoka, na gesi imejaa chini ya ngozi. Metali mbili zikigusana ndani ya majimaji yenye chumvi huwa kama betri, na magnesiamu ndiyo inayoliwa. Gesi yenyewe ni haidrojeni: gramu 1 ya magnesiamu ikilika yote hutoa takriban lita 1. Leo metali hiyo imerudi kwa aloi bora zaidi (skrubu za MAGNEZIX za Ujerumani zilipata kibali cha Ulaya mwaka 2013), na mvuto wake ni wazi: mfupa ukishaunga, skrubu huyeyuka, mgonjwa harudi kupasuliwa ili itolewe. Gesi haikuisha, ila inatoka polepole, na kasi hiyo ndiyo ya kufuatiliwa.

Kwa mazoea mgonjwa hupigwa eksirei. Lakini magnesiamu ina gramu 1.74 kwa kila sentimita ya ujazo, karibu sawa na mfupa mgumu, hivyo skrubu hufifia kwenye picha. Ultrasaundi huonekana chaguo baya zaidi, maana sauti yake karibu haipenyi gesi. Muulize yeyote anayepima matumbo. Mimi naona udhaifu huo ndio wenye faida hapa. Ukipiga hesabu, sauti ikitoka kwenye nyama na kugonga titani, takriban 80% ya nishati yake hurudi. Ikigonga magnesiamu, kama nusu. Ikigonga gesi, zaidi ya 99%. Kwenye skrini kichwa cha skrubu ni mstari mweupe uliotulia. Kiputo kilicho kando yake hung'aa kuliko huo, na chini yake huburuta kivuli chenye ukungu wa mwangwi unaojirudia. Ukikandamiza kidogo kwa kifaa, kiputo huweza kusogea, skrubu haisogei.

Wapo watakaosema kivuli hicho hicho huficha kilicho chini yake, na kwamba sauti haipenyi vizuri mfupa mgumu kuonyesha skrubu imebaki kiasi gani. Ni kweli, na kwa hilo ultrasaundi haichukui nafasi ya eksirei. Swali la ultrasaundi ni jingine: je, gesi inatoka haraka kuliko mwili unavyoiondoa? Jibu linataka vipimo vingi vinavyofuatana, na cha ultrasaundi kinaweza kurudiwa kila wiki bila mionzi, jambo zito mgonjwa akiwa mtoto. Hoja ngumu zaidi ni kwamba hata vijidudu hutoa gesi. Doppler, yaani ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu, haimalizi ubishi huo, kwa sababu damu huongezeka kwenye kidonda kinachopona na kwenye kilichoambukizwa pia. Homa, wekundu na kipimo cha damu ndivyo vinavyosaidia kuamua, na kukiwa na majimaji, ultrasaundi huongoza sindano ya kuyavuta. Kuhusu wapimaji wawili kupata majibu tofauti, dawa yake ni utaratibu: mkao ule ule, sehemu ile ile, kina kile kile. Na kipimo cha kwanza kifanyike kabla mgonjwa hajaruhusiwa, kwa kuwa hewa iliyoingia jeraha likiwa wazi hubaki siku za mwanzo. Bila picha hiyo, kiputo cha wiki ya tatu hakina cha kulinganishwa nacho.