Upande wa Kulia Ulioipa Chelsea Ubingwa wa 2016/17

Dakika ya 55 ya mechi ya Septemba 24, 2016, pale Emirates, kocha wa Chelsea Antonio Conte alimtoa Cesc Fàbregas na kumwingiza Marcos Alonso. Arsenal ilikuwa imeshamaliza kazi kipindi cha kwanza kwa mabao ya Alexis Sánchez, Theo Walcott na Mesut Özil, na mchezo ukaisha 3-0. Ila nusu saa ile ya mwisho Chelsea ilicheza na mabeki watatu wa kati, na Oktoba 1, ugenini kwa Hull City, ikaanza hivyo tangu filimbi ya kwanza. Ikashinda 2-0. Haikupoteza tena pointi hata moja hadi mwaka ulipokwisha: ushindi wa mechi 13 za ligi mfululizo, sita za mwanzo bila kuruhusu bao.

Waliochambua msimu ule walisimama sana kwa N'Golo Kanté na Eden Hazard, na wana haki. Mimi naamini mfumo ule uliegemea upande wa kulia, kwa watu wawili ambao hakuna aliyewatarajia pale: Victor Moses na César Azpilicueta.

Tuanze na hesabu ya uwanjani. Mpira ukiwa miguuni mwa Chelsea, Moses na Alonso walipanda hadi kwenye chaki, Hazard na Pedro wakaingia ndani, na Diego Costa akakaa katikati na mabeki. Hao ni watano mbele ya safu ya mabeki wanne. Beki wa kulia wa mpinzani alikuwa na machaguo mawili, yote mabaya: amfuate Hazard ndani amwache Alonso peke yake, au abaki na Alonso ampe Hazard nafasi ya kugeuka na kukimbia na mpira. Nyuma yao Kanté na Nemanja Matić walikaa kuzima mashambulizi ya kushtukiza, na mpira ukipotea, Moses na Alonso walirudi mbio na safu ikawa ya watu watano.

Kazi ya kupanda na kushuka hivyo inavunja miguu. Alonso angalau alikuwa beki wa kushoto kwa asili. Moses alikuwa winga, aliyekuwa ametolewa kwa mkopo Liverpool, Stoke na West Ham misimu mitatu mfululizo. Kumpa winga jukumu la kulinda upande mzima ni hatari, na hapo ndipo Azpilicueta anapoingia. Conte alimtoa pembeni akamweka beki wa kati wa kulia, nyuma ya Moses. Kila Moses alipochelewa kurudi, Azpilicueta alitoka kumkabili winga wa mpinzani, David Luiz akasogea kuziba pengo, na Gary Cahill akabana ndani. Kwa sababu ya ulinzi huo, Moses aliweza kushambulia bila kugeuza shingo kila mara.

Litazame bao lake dhidi ya Tottenham, Novemba 26, Stamford Bridge. Christian Eriksen alikuwa ametangulia kufunga, Pedro akasawazisha. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Costa alikokota mpira upande wa kushoto hadi ndani ya boksi na kuurudisha nyuma. Mabeki wote wa Tottenham walikuwa wamevutwa upande ule. Aliyefika nguzo ya mbali ni Moses, mtu ambaye kwenye karatasi ya mchezo alikuwa mlinzi. Akapiga, 2-1. Bao hilo ndilo mfumo mzima: shambulizi linajengwa kushoto, linamaliziwa na mtu wa kulia ambaye hakuna aliyepangiwa kumkaba.

Upande huohuo ndio ulioonyesha tundu. Januari 4, 2017, White Hart Lane, kocha wa Tottenham Mauricio Pochettino naye alipanga mabeki watatu, na Mkenya Victor Wanyama akakamata katikati ya dimba pamoja na Mousa Dembélé. Mara mbili Eriksen alimimina krosi kutoka kulia kwake, mara mbili Dele Alli akaruka nguzo ya mbali, kati ya Azpilicueta na Moses, na kufunga kwa kichwa. Azpilicueta si mrefu, na dawa ya krosi za aina hiyo Conte hakuwa nayo usiku ule. Mfululizo wa ushindi ukaishia hapo.

Kuna jambo lisilohusu mbinu ambalo ni lazima lisemwe. Msimu uliotangulia Chelsea ilimaliza nafasi ya 10, hivyo haikuwa na mashindano ya Ulaya. Wengi wa wapinzani wake wakubwa walikuwa ndani ya ndege katikati ya wiki. Conte alikuwa na siku tele za mazoezi na aliweza kupanga karibu kikosi kilekile wiki baada ya wiki. Mfumo unaodai mapafu kiasi kile usingefika Mei bila nafasi hiyo.

Baadaye ligi ilijifunza. Aprili 16, Old Trafford, kocha wa Manchester United José Mourinho alimpa Ander Herrera kazi ya kumfuata Hazard kila aendako. Chelsea ikafungwa 2-0 bila kupiga hata shuti moja lililolenga lango. Lakini kufikia hapo pengo la pointi lilikuwa linatosha. Mei 12, bao la Michy Batshuayi dhidi ya West Brom likatoa ubingwa, na Chelsea ikamaliza na pointi 93 na ushindi wa mechi 30, Tottenham ikiifuata kwa pointi 86.

Tuzo ya mchezaji bora ya wachezaji wa kulipwa alipewa Kanté. Kura yangu ningempa Azpilicueta, aliyecheza mechi zote 38 za ligi bila kukosa hata dakika moja.