Begi "la Maisha" Likifika Muleba

Tafuta mtandaoni begi la mkononi linalodumu kwa mtu wa safari za kikazi, utakutana na mwongozo uleule kwa sura mia. Sanduku gumu la polikabonati. Magurudumu manne yanayozunguka kila upande. Dhamana ya maisha. Halafu video: sanduku linarushwa kutoka ghorofani, linadunda, halivunjiki. Basi unaambiwa hilo ndilo imara, toa hela.

Kwa mtu anayetua Bukoba asubuhi na kutakiwa Muleba kabla ya mchana, ushauri huu una kasoro ya kisayansi, na kasoro yenyewe inaweza kumla posho ya safari mbili tatu. Unachukulia uimara kama sifa iliyomo ndani ya kitu, kama rangi yake. Ukweli ni kwamba kitu huwa imara dhidi ya jambo fulani, mahali fulani. Kurushwa kutoka ghorofani kunapima kishindo kimoja kikubwa. Safari zetu zina vishindo vidogo elfu moja, vumbi, na unyevu usioisha.

Muleba yenyewe imeshashiriki kutoa somo hili. Wilayani humo watafiti walilinganisha vyandarua vya kawaida vyenye dawa na vile vilivyoongezewa kemikali iitwayo PBO, vikitumika kwenye nyumba za watu, na matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018. Hata uimara wa chandarua hupimwa kwa mtindo huo: hakiaminiwi kwa maneno ya pakiti tu, kinafuatwa nyumbani kilikotumika, kinakaguliwa, matundu yanahesabiwa na kupimwa ukubwa. Kama nyuzi za chandarua zinapewa heshima hiyo, kwa nini begi la laki kadhaa tulinunue kwa kuangalia video?

Tuanze na magurudumu. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5, ukubwa unaoonekana sana kwenye masanduku ya magurudumu manne. Likutane na jiwe lenye kimo cha sentimita 2. Ukilivuta kwa mlalo, mekanika ya kidato cha tano inakuambia unahitaji nguvu ya karibu mara 4.9 ya uzito ulioelemea gurudumu hilo ili kulivusha. Weka gurudumu la sentimita 8, jiwe ni lilelile: mara 1.7 tu. Na jiwe likifikia sentimita 2.5, yaani nusu ya kipenyo cha lile dogo, hakuna nguvu ya mlalo itakayolipandisha. Litaburuzwa au litang'oka. Nguvu yote hiyo inapita kwenye ekseli nyembamba na skrubu chache. Lami ya kutoka Bukoba hadi Muleba haina shida, lakini ukiiacha kuelekea vijijini, mwenye sanduku la magurudumu manne utamkuta kalibeba kichwani.

Tuwe waungwana: polikabonati ni nzuri kweli. Ganda lake hubonyea na kurudi, wakati plastiki ya ABS ya bei nafuu hupasuka mapema zaidi. Tatizo ni kwamba ganda si kawaida kuwa la kwanza kufa. Hutangulia gurudumu, zipu na mpini wa kuvuta, na video haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Upande wa mabegi ya kitambaa nako kuna namba inayopumbaza watu: denia. Utaona "1680D" imeandikwa kwa herufi kubwa, na mwongozo unasema namba kubwa ni uimara mkubwa. Denia ni uzito wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa gramu. Basi. Inakuambia uzi ni mnene kiasi gani, haikuambii umetengenezwa kwa nini wala umefumwa vipi. Poliesta ya 1680 na nailoni ya 1680 zina namba moja, lakini kwa kusuguliwa nailoni nzuri kwa kawaida hustahimili zaidi. Uliza kitambaa ni nini kwanza, namba baadaye.

Zipu ndiyo inayokutana na vumbi letu jekundu. Ndani ya vumbi mna chembe ngumu, na kila ukifunga na kufungua, chembe hizo zinafanya kazi ya msasa kwenye kishikizo. Taratibu kinatanuka, meno hayashikani, begi linabaki mdomo wazi. Zipu pana husaidia: namba 8 au 10 badala ya 5. Mara nyingi namba hiyo imeandikwa nyuma ya kishikizo, na hukaribia upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita.

Sasa adui mkubwa ambaye miongozo mingi haimtaji kabisa. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa liko palepale. Magurudumu mengi laini, na ile ngozi ya plastiki inayopakwa ndani ya mabegi ili yasipitishe maji, hutengenezwa kwa poliyurethani. Aina nyingi za poliyurethani zina viungo vya kikemikali vinavyoitwa esta, na molekuli za maji hukata viungo hivyo kimoja kimoja. Mchakato huu unaitwa haidrolisisi, na joto likichanganyika na unyevu unakwenda mbio zaidi. Kwanza ngozi inanata, halafu inabanduka kama magamba. Gurudumu linameguka kama mkate mkavu. Na haya hayasubiri utumie begi: linazeeka likiwa limetulia chini ya kitanda.

Hapo ndipo hata wapenzi wa mtumba wanapokosea. Utasikia, "Chukua la mtumba, la zamani ndio ngumu." Ganda na kitambaa vinaweza kuwa bora kweli. Ila umri wa poliyurethani huhesabiwa tangu kiwandani, si tangu siku ulipolinunua sokoni. Kabla ya kulipa, bonyeza gurudumu kwa ukucha na upapase ndani ya begi. Likimeguka au likinata, mwachie mwenyewe.

Kuhusu dhamana ya maisha, soma maandishi madogo. Kwa kawaida inafunika kasoro za kiwandani, haifuniki uchakavu wa matumizi, na mara nyingi inakutaka ulipeleke begi kwenye kituo cha huduma kilicho mbali mno na Kagera. Dhamana inayotufaa ni fundi viatu. Anaweza kushona mkanda, kubadilisha zipu, au kubana kishikizo kwa koleo ukaendelea na safari. Ganda lililopasuka au mpini wa kuvuta uliopinda ndani ya sanduku ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo kitu kinachotengenezeka kwa cherehani, sindano na koleo kinaweza kudumu kuliko kile kinachosifiwa kuwa hakiharibiki.

Kuna na uzito. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 mkononi, na ndege za propela zinazotua Bukoba zina kabati za juu ndogo kuliko za ndege kubwa. Sanduku gumu la kilo 3 limeshakula karibu nusu ya ruhusa kabla hujaweka hata shati. Begi la kitambaa la kilo moja linakuachia 6, linakubali kubanwa chini ya kiti, na baadaye linakaa mgongoni ukiwa juu ya boda au kwenye boti ya kwenda Bumbire.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni hizi safari, mimi ningeshauri begi la mgongoni la nailoni, lenye zipu pana, mishono iliyorudiwa kwenye mikanda, na mfuko tofauti wa plastiki nzito kwa ajili ya kompyuta. Ukilazimika kuwa na magurudumu, chukua mawili makubwa yaliyofungwa kwa skrubu zinazoonekana.

Na mwongozo wa begi la ndani ya ndege ulipaswa kusema jambo moja zaidi. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari PW494, ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Kanuni ya usalama kwenye ndege yoyote ni kwamba ikitokea dharura, mzigo unaachwa. Begi la bei ya mshahara wa mwezi, lenye kompyuta na data zote za mradi zisizo na nakala, ni gumu mtu kuliacha. Kabla ya safari, weka nakala ya kazi yako kwingine na kitambulisho mfukoni, na ununue begi ambalo uko tayari kulipoteza.