Robo Saa kwa Saa, Dakika Mbili kwa Kafka

Matembezi ya kuongozwa nayasoma kama ninavyosoma hadithi: nani anasimulia, anasimama wapi, anaruka nini. Kwa kipimo hicho, ziara ya miguu niliyoifuata katika Mji Mkongwe wa Praha ilisimuliwa vizuri sana na kuhaririwa vibaya.

Mwongozaji alitusimamisha robo saa nzima mbele ya saa ya falaki, ile ya mwaka 1410. Akatupa kisa cha fundi Hanuš: alipoimaliza, wakuu wa mji wakaamuru apofushwe asije akaunda nyingine kwingineko, naye, kipofu, akapapasa hadi kwenye mitambo akaiharibu. Kengele ikalia, mitume wakapita madirishani, watu wakaguna. Kitamu, jamani! Ila si kweli. Aliyeiunda ni Mikuláš wa Kadaň, na kisa cha Hanuš kilipata nguvu kwa kalamu ya Alois Jirásek, aliyekitia katika kitabu chake cha hekaya za Kicheki mwaka 1894. (Moscow nako husimuliwa kwamba msanifu wa kanisa la Mtakatifu Basil alipofushwa vivyo hivyo.) Hekaya sina ugomvi nayo. Lakini si ingenoga zaidi kama tungeambiwa kwamba mwandishi ndiye aliyeushindia uongo ule?

Tukavuka uwanja. Kasri la Kinský likapewa dakika mbili: rangi, mapambo, "hapa alisoma Kafka", twende. Mimi hapo ningekaa hadi jua lizame. Ndani mlikuwa na shule ya Kijerumani aliyosoma Kafka kuanzia 1893 hadi 1901, na baadaye baba yake akawa na duka chini. Kwenye roshani hiyohiyo, Februari 1948, Klement Gottwald alihutubia umati, na hapo ndipo Milan Kundera anapofungulia kitabu chake cha kicheko na kusahau: Clementis anamvisha Gottwald kofia yake mwenyewe, miaka michache baadaye Clementis ananyongwa na kufutwa pichani, kofia inabaki kichwani mwa Gottwald. Kundera hakuiacha shule ya Kafka pia. Yaani jengo moja lina waandishi wawili na dikteta mmoja, sisi tunaonyeshwa rangi ya ukuta!

Kilichoniuma zaidi kilitokea kwenye kona alikozaliwa Kafka mwaka 1883. Tuliambiwa ni "mwandishi mkubwa wa Kicheki", tukasogezwa kwenye vikombe na fulana zenye sura yake. Kafka alikuwa Myahudi aliyeandika kwa Kijerumani katika mji ambao wengi wao walisema Kicheki. Ukiiondoa hali hiyo, umemwondoa yeye. Nyumba yenyewe iliungua 1897, ukabaki mlango tu, ambao ulipachikwa kwenye jengo jipya. Mtaa wa Wayahudi uliokuwa jirani ulibomolewa kwa sheria ya 1893, naye akiwa mvulana wa shule. Yakabaki masinagogi machache, baraza lao na makaburi. Pale penye maduka ya mikoba ya bei mbaya ndipo ulipokuwa. Dada zake watatu, Elli, Valli na Ottla, waliuawa na Wanazi. Kimya.

Bakshishi nilitoa, sauti ile ilistahili. Nikamuuliza mwongozaji mbona hakutaja ubomoaji. Akasema watu huja kuona kilichopo. Kisha akafungua mwavuli wake, kundi la saa nane lilikuwa linamsubiri.