Herufi ya Nne: U Ilivyonikamata Kipevu

Jamani, iangalieni U! Simameni kando ya barabara ya Kipevu, Mombasa, pale malori yanapotoka bandarini kushika njia ya Miritini. Rangi za makontena ziacheni, majina makubwa ya kampuni ubavuni yaacheni, someni mlango wa nyuma, kona ya juu kulia. MSCU. MAEU. CMAU. HLXU. Herufi tatu za mwanzo hubadilika mwenye mali anapobadilika, lakini ya nne haibanduki: U, U, U, kontena baada ya kontena! Sijapata kuona herufi moja iliyotwikwa kazi kubwa namna hii ikaibeba kwa utulivu huu.

Kazi yenyewe ni hii. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6346 hulipa kila kontena herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu ni za mwenye kontena, naye huzisajili kwa BIC, shirika la Paris lililoanzishwa 1933. Ya nne hutaja kitu chenyewe ni nini. U ni kontena la mizigo. J ni kifaa cha kupachikwa, kama jenereta ya kontena la baridi. Z ni trela. Basi! Karani wa Kilindini, wa Shanghai na wa Rotterdam wameshaelewana kabla hawajasalimiana. Na hiyo Z ina utamu wake kwetu, maana namba za usajili za trela hapa Kenya nazo huanza na Z. Lori likikupita utaikuta Z kwenye trela, U juu yake mlangoni mwa kontena, na K kule mbele kwenye kichwa.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni hesabu. Ile tarakimu ya saba ni ya ukaguzi. Kila herufi imepewa thamani: A ni 10, B ni 12, na kila kinachogawanyika kwa 11 hurukwa, mpaka U ikaangukia 32. Kisha kila nafasi ina uzito: ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, hivyo hivyo maradufu hadi ya kumi yenye 512. Zidisha, jumlisha, gawanya kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya mwisho, na likibaki 10 huandikwa 0. Sasa tazama uzuri wake: U hukaa ya nne daima, kwa hiyo 32 mara 8, 256. Daima! Kontena la mitumba, la vigae, la chai ya Kericho iendayo Karachi, yote huingia hesabuni na 256 ile ile. Karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu itakataa, na kontena la mtu halitatafutwa kwenye safu isiyo yake. Nilichukua namba inayotumiwa sana kufundishia, CSQU 305438, nikaikokotoa mgongoni mwa risiti: 6185, baki 3. Na kweli tarakimu yake ya mwisho ni 3! Nilipiga kelele.

Bado. Chini ya namba hiyo kuna msimbo wa aina. 22G1 ni futi 20 la kawaida, 45R1 ni la baridi, futi 40, lile refu la kwenda juu. Ukikutana na 22U1, U hiyo inasema kontena halina paa gumu. Hufunikwa turubai, na mashine nzito hushushwa ndani kwa kreni. Herufi ile ile, mlango ule ule, maana mbili. Hili ndilo doa pekee ninaloliona, na mgeni litamtatiza, ila akishaijua nafasi ya nne hapotei tena.

Hata bandari yenyewe hupimwa kwa TEU, kizio cha kontena moja la futi 20. Awamu ya kwanza ya kituo cha pili cha makontena hapa Kipevu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa 2016, ilikusudiwa kuhudumia TEU 550,000 kwa mwaka. Hebu ziwaze U zote hizo!

Halafu linakuja lori la Uganda. Namba yake huanza na U, limebeba kontena la U, na kama bahati ni yako ni lile la turubai: U tatu kwenye gari moja! Najua ile ya kwanza imetokana na jina la nchi tu na haina udugu na nyingine. Moyo wangu haujali. Wala hutangoja sana, kwani katika shehena za nchi jirani zinazopita Mombasa, ya Uganda ndiyo kubwa kuliko zote.

Nendeni na kalamu. Geti la bandari halihitajiki, foleni ya barabarani inatosha, na malori yanapokwenda polepole ndipo namba husomeka vizuri. Chagueni kontena lolote, andikeni 256 kwanza, halafu mhangaike na zile nyingine.