Mkono Mwepesi Juu ya Ngozi

Ngozi iliyowambwa vizuri huurudisha mkono. Kiganja kikitua, ngozi hubonyea kidogo kisha hukisukuma juu, na sauti hutoka pale mkono unapoondoka. Mpigaji mwepesi huuacha msukumo huo ufanye kazi yake. Aliyekaza vidole huigandamiza ngozi na kuizima sauti, halafu hulazimika kuongeza nguvu ili kufidia alichokizima mwenyewe. Katika ngoma za mwambao wa kaskazini, kuanzia Tanga na Pangani, kuvuka mto kwenda Mwera na kushuka hadi Bagamoyo, kosa hilo hujitokeza mapema: ngoma ya harusi huweza kukesha, na bega lililokazwa halifiki alfajiri.

Kazi huanzia kwenye ngozi yenyewe. Hewa ya pwani ina unyevu, hasa usiku, na ngozi ikinyonya unyevu hulegea na sauti hufifia. Hapo ngoma hupashwa moto. Huwekwa mbali kidogo na ndimi za moto, hugeuzwageuzwa, na kila mara hujaribiwa kwa ncha za vidole, maana moto ukizidi ngozi hupasuka. Ikiiva, pigo dogo hulia hadi uani. Wengi wanaodhaniwa kuwa na mikono mizito wana ngoma baridi tu, na ni dhuluma kumlaumu mwanafunzi kwa jambo ambalo moto wa vifuu vichache vya nazi ungelimaliza.

Baada ya ngozi, mwili. Ngoma ikiwa juu mno mabega hupanda. Ikiwa chini mno mgongo hukunjika. Kimo kinachofaa ni kile ambacho kiwiko huning'inia karibu na ubavu bila kubanwa, na kifundo cha mkono hakipindi.

Mapigo ya msingi ni matatu. Pigo zito hushuka katikati ya ngozi kwa kiganja kizima, na nguvu yake ni uzito wa mkono unaoanguka, si msuli unaosukuma. Pigo la wazi hupigwa ukingoni, vidole vikiwa pamoja. La tatu ni kofi, lile kali linalopasua kelele za watu, na hapa ndipo wengi huumia. Hudhani ukali hutokana na nguvu, kumbe hutokana na ulegevu: kiganja hufika kwanza ukingoni, vidole vilivyoachiliwa hufuata nyuma yake kama ncha ya mjeledi. Vidole vikikazwa hufika pamoja na kiganja, na kofi hugeuka kishindo. Njia ya kurekebisha ni kupiga polepole na kwa sauti ndogo kwa muda mrefu, mpaka kofi litoke bila kulazimishwa. Ni zoezi la kuchosha, na hakuna linaloweza kushika nafasi yake.

Ngoma za pamoja humsaidia mpigaji kupumzika. Katika ngoma ya chakacha, vumi hubeba sauti nzito, huku msondo na chapuo zikijaza juu yake. Sehemu ya kila mmoja, ikisikilizwa peke yake, ina mapengo mengi. Utamu hutokea mapengo ya huyu yanapojazwa na yule. Mpigaji anayeyaogopa mapengo hujaza yote, na huchoka kabla ya wenzake. Aliyeyazoea huyatumia kupumzisha mikono, na humo ndimo mtindo wake binafsi huanzia: pigo gani alitie uzito, lipi aliguse tu, lipi alicheleweshe kidogo bila kuivunja mizani.

Taarabu ya Tanga ilidai wepesi wa namna nyingine. Vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambavyo Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliviimbia, viliingiza gitaa la umeme na besi. Besi ilipochukua sauti nzito, ngoma haikuwa tena na haja ya kuvuma. Kazi yake ikawa kukaa chini ya sauti ya mwimbaji ili kila neno lisikike.

Mfano ulio mbali zaidi na ngoma za kikundi ni wa Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona, ambaye midundo yake ilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa miaka mingi. Alipiga ngoma nyingi peke yake, zikiwa zimemzunguka. Kwa mpigaji wa namna hiyo safari ya mkono kutoka ngoma moja hadi nyingine ni sehemu ya mdundo: mkono uliokazwa huchelewa njiani, uliolegea hufika kwa wakati, na asiyeona huipata ngoma kwa kumbukumbu ya bega na kiwiko.